Kisanduku cha shomoro cha vyumba vitatu: wapangaji nimepata, ila sifa sio za kisanduku

Nyota 3 kati ya 5. Na moja kati ya hizo nimewapa ndege wenyewe, fundi asije akajidai.

Nimekaa na hiki kisanduku misimu miwili ya kutaga sasa, kwa hiyo hii sio rivyu ya mtu aliyefungua boksi jana akapiga picha akatupa nyota tano.

Niwaambie kwanza nilifikaje hapo, maana kila mtu ananiuliza mtu mzima unanunua nyumba ya ndege ya nini. Kuna voisi ya marehemu bibi yangu ipo kwenye simu, ya kawaida kabisa, ananiagiza nisisahau betri za redio. Nishaisikiliza mara mia. Siku moja nikaisikiliza na hedifoni, aisee, kumbe nyuma ya sauti ya bibi kuna fujo, shomoro wanagombana huko juu ya paa kama watoto waliofunguliwa kwenda mapumziko, mpaka bibi mwenyewe anapandisha sauti ili asikike. Nikavua hedifoni nikasimama dirishani kwangu. Pikipiki, honi, mtu anagonga nondo mahali. Shomoro hata wa dawa hakuna. Kilichonikera zaidi nikajaribu kukumbuka wameondoka lini nikashindwa, yaani viumbe waliokuwa wanaingia mpaka jikoni kuokota punje chini ya meza, wameondoka na hakuna aliyegeuka kuangalia.

Basi nikaingia mtandaoni usiku huo huo nikaagiza. Duka silitaji, ila tangazo lao lilikuwa limeandikwa kwa maneno makubwa kwamba hiki kisanduku "kinarudisha shomoro mjini". Kumbukeni hilo neno, tutarudi kwalo.

Kifurushi kilifika salama, hilo niwape. Ni boksi moja refu la plaiwudi lenye vyumba vitatu vilivyopangana kama nyumba za kupanga, kila chumba na tundu lake mbele. Nikapima tundu kwa rula, milimita 32 kamili, na hicho ndicho kipimo chenyewe cha shomoro, akipita yeye ndege mkubwa anakwama. Hapo fundi kapatia. Kwa hilo tundu tu nyota moja.

Sasa yaliyobaki.

Chini ya kila tundu wameweka kijiti cha ndege kutua. Kinapendeza kwenye picha, na ni upuuzi mtupu. Shomoro anaruka moja kwa moja anajishika kwenye mdomo wa tundu kwa kucha, hahitaji baraza la kusimama. Anayekihitaji kile kijiti ni adui, kunguru anatua pale anasubiri kinda atoe kichwa, paka naye anapata pa kuweka mkono. Nilivikata vyote vitatu na msumeno kabla hata sijatundika. Ukinunua, fanya hivyo hivyo.

Halafu sakafu haina hata kitobo kimoja cha kutolea maji. Mvua ya kwanza ya upepo ikaingia, nilipochungulia na tochi nikaona maji yamesimama kama beseni. Nikatoboa mwenyewe na drili, vitobo vinne kila chumba. Paa wamelipigilia misumari na gundi juu, hakuna bawaba hakuna skrubu, sasa mtu unasafishaje? Kiota cha zamani kinajaa utitiri na viroboto, lazima msimu wa kutaga ukiisha ukitoe. Nililibandua paa na patasi nikaweka bawaba mbili. Ndani nikakuta wamepaka vanishi, ikanuka mwezi mzima. Ukuta wenyewe mwembamba, jua likipiga saa nane mchana ukiweka mkono ndani unautoa haraka.

Na hapo ndipo karatasi ya maelekezo ilipotaka kuniponza, imeandikwa kwamba unaweza kutundika upande wowote. Nami nikaamini, nikatundika ukutani upande wa jua la mchana kwa sababu ndipo ninapopaona nikiwa nimekaa. Nikawaandikia wauzaji baadaye kuhusu joto, wakanijibu bidhaa imekaguliwa na ina ubora. Asanteni.

Msimu wa kwanza wote wapangaji wangu walikuwa hawa: chumba cha kwanza buibui, cha pili mjusi kafiri mmoja mnene ambaye alikuwa ananiangalia kama mimi ndio mgeni, cha tatu nyigu. Shomoro hamna. Mzee wa ghorofa ya chini akawa kila akinikuta ngazini, nikimaliza kumwamkia tu, ananiuliza "mwanangu, wapangaji wameshalipa?" halafu anacheka mpaka anakohoa. Siku nyingine akasema "unawajengea ndege nyumba na wewe mwenyewe umepanga". Ukweli unauma lakini ndio huo.

Nikaanza kusoma. Na nilivyosoma ndio nikaanza kulikasirikia lile tangazo.

Hii habari ya shomoro kupotea sio ya mtaa wangu wala wako. Pale London kuna bustani inaitwa Kensington Gardens, mwaka 1925 mtaalamu wa ndege Max Nicholson alihesabu shomoro pale akapata 2,603. Mwaka 1948 wakahesabiwa tena wakawa 885. Mwaka 1975 ni 544. Mwaka 1995 ni 46. Mwaka 2000 walikuwa 8. Wanane, bustani nzima! Kwenye nchi za Umoja wa Ulaya wanakadiria shomoro wamepungua kwa nusu hivi tangu 1980, kama ndege milioni 247. Delhi kule India nao wakaona hali mbaya mpaka mwaka 2012 wakamtangaza shomoro kuwa ndege rasmi wa jimbo lao, na siku yake kabisa ipo, tarehe 20 Machi, inaadhimishwa tangu 2010. Yaani ndege tuliyekuwa tunamfukuza kwenye ungo leo anatengewa siku yake kama mwalimu mstaafu.

Ila kutoka 2,603 mpaka 885 na kutoka 46 mpaka 8 sio ugonjwa mmoja, hapo ndipo panapochanganya watu. Ule upungufu wa mwanzo unaeleweka kirahisi, ni farasi. Miji ya zamani ilikuwa inaendeshwa na farasi, farasi anakula nafaka kwenye mfuko shingoni, nusu inamwagika chini, nyingine inatoka nyuma haijasagika vizuri, shomoro anakula barabarani kutwa. Magari yalipoingia chakula kikaondoka na farasi wake. Lakini hiki kifo cha juzi hakuna farasi wa kumsingizia, na kiliwaumiza vichwa wataalamu mpaka gazeti la The Independent la Uingereza mwaka 2000 likaweka zawadi ya pauni 5,000 kwa atakayeeleza kwa kisayansi sababu ni nini.

Kila mtu ana yake. Wengine minara ya simu (hii utaisikia sana, mimi naiona bado ya vijiweni), wengine petroli isiyo na risasi, wengine paka, wengine mwewe. Kuna na malaria, sio utani, malaria ya ndege, utafiti wa London uliotoka 2019 ulikuta makundi yanayopungua ndiyo yenye vimelea vingi zaidi. Lakini kilichoniingia mimi ni kilichokutwa Leicester, mji wa Uingereza, watafiti walichungulia viota kwa miaka kadhaa wakakuta makinda wanakufa humo humo ndani, na waliokuwa wanalishwa zaidi mimea na mabaki badala ya wadudu ndio walikuwa wanakufa zaidi.

Hapo ndipo nilipojiona mjinga. Maana sisi tunamjua shomoro kama mla punje, na kweli mkubwa anakula punje, mchele, makombo ya mkate, chochote. Kinda hapana. Kinda siku zake za kwanza anataka nyama, viwavi, vidukari, buibui, vitu laini vyenye maji. Ukimpa mkate ni kama kumlisha mtoto mchanga ugali mkavu, tumbo litajaa na atakufa. Sasa mjini wadudu watatoka wapi? Ua limepigwa zege mpaka ukutani, palipobaki udongo wameweka vigae, palipobaki mti ni ule mti wa maonyesho ambao hata kiwavi anaupita, na kila mwisho wa mwezi mtu anapita na pampu ya dawa kupulizia maua. Tunajisifia mtaa msafi. Kwa shomoro ni duka lililofungwa.

Wachina walilijua hili kwa njia mbaya zaidi, mwaka 1958 walitangaza shomoro (wale ndugu zake wa huko) kuwa ni adui wa nafaka, nchi nzima ikatoka na masufuria kuwapigia kelele wasitue mpaka wanaanguka wamechoka. Wadudu wakabaki hawana wa kuwala, mashamba yakaipata. Mwaka 1960 wakamtoa shomoro kwenye orodha ya maadui, nafasi yake wakaweka kunguni.

Nyumba pia ni tatizo, sisemi sio. Paa za zamani zilikuwa na upenu wenye nafasi, mbao zimeachana kidogo, bati limeinuka, ukuta una shimo. Sasa hivi kila kitu kimezibwa na jipsamu na alumini na silikoni, ndege hana pa kuchomeka hata unyoya. Mbayuwayu naye yamemkuta hayo hayo, yeye akitaka kujenga anatafuta tope, tope lenyewe liko wapi kwenye zege. Kwa hiyo kisanduku kina kazi yake. Ila kina kazi moja kati ya mbili.

Haya turudi kwenye bidhaa. Msimu wa pili nikakihamisha, nikakipeleka upande wa kivulini chini kabisa ya upenu, kama mita nne kutoka chini, mwenye nyumba alilalamika kuhusu matundu ya drili nikamwahidi nitaziba nikihama. Kwenye kibaraza nikaweka trei la mchanga mkavu (nitawaambia kwa nini) na sahani ya maji.

Wiki ya tatu akaja dume mmoja. Dume unamtambua kwa ile ndevu nyeusi kifuani, jike hana. Akakaa kwenye tundu la chumba cha kwanza akaanza kupiga noti moja tu, chwii, chwii, chwii, alfajiri mpaka jua kali, siku tano mfululizo, hana hata aibu ya kubadilisha wimbo. Nilimwonea huruma. Siku ya sita nikaona yuko na jike, naye jike anaingia anatoka anakagua kama mtu anayeangalia nyumba na dalali, ananyofoa kitu anakitupa nje, anarudi. Kesho yake wakaanza kubeba majani makavu, nyuzi, manyoya, na kipande cha uzi wa fagio langu ambacho najua walikichomoa maana niliwaona.

Mayai manne. Meupe yenye madoa ya kijivu. Nilichungulia mara moja tu wote wakiwa wametoka nikafunga. Shomoro anaatamia siku 11 mpaka 14 hivi, yangu yalianguliwa ya 12 kwa hesabu zangu.

Halafu nikaanza kuona wanachobeba. Nilikuwa na kiti changu pale ndani nyuma ya pazia na kwa karibu ule mdomo unaona kabisa kilichomo. Mkate. Mchele uliopikwa. Mkate tena. Mara moja moja nzi. Jike anaruka kuelekea jalalani kwenye kona anarudi na kipande cha chapati kikubwa kuliko kichwa chake, anakilazimisha kupita tundu la milimita 32, kinakwama, anakivuta. Siku ya nne wakatupa kinda mmoja chini. Siku ya saba mwingine. Nilimwokota yule wa pili, mwepesi kama karatasi, tumbo limejaa. Kisanduku kilikuwa sawa, kikavu, kivuli kipo, hakuna paka wala kunguru. Wakafa na nyumba nzuri.

Walitoka wawili tu, na mmoja sidhani alifika mbali.

Nikashuka kwa yule mzee wa chini, ndiye mwenye kile kipande cha bustani. Nilidhani atanicheka. Nikamwambia shikamoo mzee, naomba kitu cha ajabu, naomba usipulizie dawa miezi miwili na ile kona ya nyuma usiifyeke. Akaniangalia. Akauliza "kwa ajili ya wapangaji?" Nikasema ndio. Akasema yeye utotoni alikuwa anawapiga na manati, kwa hiyo ana deni. Akaacha kunde zake zikashambuliwa na vidukari mpaka mashina yakawa meusi, na majani ya kona yakapanda mpaka magotini, mkewe akawa ananinunia mimi.

Shomoro anatotoa mara mbili tatu kwa msimu kwa hiyo hatukusubiri sana. Mayai manne tena. Safari hii jike anashuka moja kwa moja kwenye zile kunde, ananing'inia kichwa chini miguu juu, anachuma vidukari mpaka mdomo unakuwa kama una masharubu ya kijani, anapanda. Dakika tatu nne, anashuka tena. Dume analeta viwavi, anavipigapiga kwanza ukingoni mwa kibaraza ndio anaingia navyo. Walitoka makinda watatu, siku ya 15, mmoja baada ya mwingine, wa mwisho alikaa tunduni asubuhi nzima hataki kuruka mpaka mama yake akasimama mbali na kiwavi mdomoni bila kumletea.

Sasa niambieni, nani alirudisha shomoro? Kisanduku au kunde za mzee? Kisanduku kilekile, ndege walewale, tofauti ni vidukari. Ndio maana lile neno la kwenye tangazo linanichefua, mtu atanunua, atatundika kwenye ua la vigae, atapata kiota, atapost picha, na makinda watakuwa wanafia humo ndani yeye hana habari. Na nisijidai pia kwamba wadudu wanamaliza kila kitu, London watafiti walijaribu kuwapelekea shomoro minyoo ya unga (ni mabuu ya wadudu) kwenye makundi mengi wanakotaga, makinda waliopona wakaongezeka lakini idadi ya wakubwa haikupanda. Kuna kingine kinawala huko nje. Ila kinda aliyekufa kwenye boksi hawezi hata kufika huko.

Lile trei la mchanga sasa. Shomoro anaoga vumbi, ndivyo anavyojisafisha manyoya na wadudu wake, na mji wa zege umemnyima hata vumbi. Kila mmoja anachimba kashimo kake, anajilaza, anatikisa mbawa mchanga unaruka mpaka kwenye chai yangu, mwingine akija kwenye kashimo ka mwenzie wanapigana. Kati ya vyote nilivyofanya hiki ndicho rahisi zaidi na ndicho kinachonichekesha kila siku. Hakikuja na kisanduku, trei ni la kuokea lililotoboka.

Kuhusu vyumba vitatu: ndege wanaishi kwa makundi ni kweli, wanapenda majirani, ila milango yote kuwa mbele na imebanana hivi, yule dume wa chumba cha kwanza anafukuza wenzake kwenye vyote vitatu anaona ni vyake. Kilichotumiwa na shomoro ni kimoja tu mpaka leo. Bora ungenunua visanduku vitatu vya chumba kimoja kimoja ukaviachanisha. Na kama mtaani kwako hakuna shomoro hata mmoja kwenye kilomita moja au mbili, usitegemee kwamba watatoka mkoa mwingine kuja kwa ajili ya plaiwudi yako, hawa ndege hawahami mbali na walipozaliwa. Wangu nadhani walitoka kwenye paa la gereji ya zamani mitaa mitatu kutoka hapa, na hiyo gereji nasikia inabomolewa.

Mwezi uliopita nilimtumia dada voisi kuhusu mambo ya familia, sio ya ndege kabisa. Akanijibu "we uko wapi mbona nyuma kama kwa bibi?"

Apdeti kwa waliouliza: paa nililoweka bawaba bado linafunga vizuri, plaiwudi imeanza kuachana upande wa kushoto chini, nimepiga gundi. Chumba cha kati kipo wazi. Cha tatu bado kina nyigu na sina mpango wa kuwagusa, wanakula viwavi kidogo lakini wananitisha.